Vioo Ulivyomletea Mama

Shangani, Unguja
14 Machi 2009

Mdogo wangu mpenzi Ibtisam,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nataraji barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima, na ule mgongo wako umeacha kukusumbua. Ukiniuliza mimi, moyo umechoka. Daktari alilisema hilo kwa maneno marefu, nami nimeyafupisha. Binti yangu Yusra ananilisha uji kwa kijiko, bila maneno mengi. Sikutaka mtu aniandikie. Barua hii lazima iwe kwa hati yangu.

Mara ya mwisho uliniandikia kwamba kifo cha Mama hakikukuumiza kama ulivyoumizwa na kusalitiwa. Sentensi hiyo nimeisoma mwaka mzima. Ni kweli, mlisalitiwa. Nataka nikueleze ilivyokuwa.

Unakijua chumba cha Mama cha juu, na madirisha yake matatu yanayotazama magharibi. Tangu kiharusi kimlaze, alikataa katakata mbao za madirisha zifungwe mchana. Kufunga ni giza, na giza, alisema, atalipata la kutosha kaburini. Yeye anataka kuona nani anapita na nani kanenepa. Lakini kuanzia saa tisa jua lilimfuata mpaka kitandani. Aliniambia kama nimekusudia kumwoka kama boflo, basi nimpake na siagi kabisa.

Ndipo, Disemba ya mwaka juzi, ukaleta vile vioo kutoka kampuni unayofanyia kazi. Uliandika kwa furaha kwamba kila kioo kimepakwa utando mwembamba wa madini, usioonekana kwa macho, unaopitisha mwanga na kulirudisha nje joto la jua. Kwamba huko kwenu, nyumba yenye vioo hivyo kwenye milango na madirisha, mashine za baridi hupumzika na mapazia hayachujuki. Mama alitaka nimsomee mara mbili. Kisha akasema mtoto ni wa kike, wa kiume ni mgeni wa chakula.

Kazi tulimpa Mkadam. Nani mwingine? Fundi wa mtaa wetu, uliyecheza naye utotoni, aliyekuwa akimletea Mama mkate kila asubuhi na kumwita Mama bila kuombwa. Vioo vya namna ile hakuwa amewahi kuviona. Nilimkabidhi vitatu, akavipachika kwa siku mbili, akakataa hata chai mpaka amalize.

Siku ya tatu, saa tisa, jua likaingia. Mama alinyoosha mkono wake mzima, akauweka juu ya shuka, akasema moto ni ule ule. Wiki nzima ikawa hivyo. Nikawaita majirani wawili, na Mkadam mwenyewe. Niliwasha njiti ya kibiriti mbele ya kioo, nikawaeleza kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu wa fizikia kwa miaka thelathini: kioo kina nyuso mbili, kwa hiyo ndani yake utaona miali miwili; penye utando, mmoja hugeuka rangi. Wakatazama. Miali yote ilikuwa ya rangi moja. Vilikuwa vioo vya kawaida, vya kununuliwa sokoni Mwanakwerekwe.

Mkadam alisema amepachika alichopewa. Jirani mmoja akamcheka, akamwambia labda utando umeyeyuka kwa jua. Mama hakucheka. Alimuuliza, mwanangu, hata wewe? Tangu siku ile hakuula tena mkate wake. Watu wakaacha kumpa kazi, naye akahamia Kizimkazi. Wewe ulipopata habari uliniandikia mstari mmoja tu, kwamba lile jambo lililokuwa baina yako na Mkadam limekufa. Na Mama akafariki Machi ya mwaka jana, katika joto lile lile, akiuliza mtu uliyemwita mwanao anawezaje kukufanyia hivyo.

Sasa nisikilize, Ibtisam. Wiki mbili kabla ya vioo kufika, Mkadam aliniletea barua ya posa. Baba hayupo, walii wako wa kukuozesha ni mimi. Mama alikwisha kubali, akanihimiza nijibu upesi, kwani wajane wawili hawana ujana wa kupoteza. Mimi sikutaka. Wala sikuwa na sababu ya kuitaja mbele ya sheikh: mtu anaswali, ana kazi, ana adabu. Sababu yangu ilikuwa babu yake, aliyekuja kutoka bara kubeba mizigo ya babu yetu. Mimi niliyefundisha watoto wa kila asili katika darasa moja niliona haya kulitamka hilo. Kulitenda sikuona haya.

Nilinunua vioo vitatu vya kipimo kile kile. Nikabandua karatasi za kiwanda kwenye vyako, nikazibandika kwenye vile, na hivyo ndivyo nilivyomkabidhi. Vyako nilivifunga shuka, nikavificha nyuma ya kabati langu la vitabu, ukuta mmoja tu ukivitenga na kitanda cha Mama. Nilijua njiti itasema nini kabla sijaiwasha. Aliyewasaliti ni mimi.

Sasa nimelala mimi katika chumba hicho. Jua la saa tisa liliponifika shingoni, nilimtuma Yusra Kizimkazi. Mkadam alikuja. Nikamwambia yote, mbele ya majirani wale wale wawili. Akauliza vioo viko wapi. Akavitoa, akavifuta vumbi, akaomba kibiriti. Mwali mmoja uligeuka zambarau. Aliutazama mpaka njiti ikamuunguza kidole.

Nilimwomba radhi. Akanijibu kwamba hilo atakwenda kulifikiria kwake. Vioo atavipachika kwa sababu alimwahidi Mama yetu, Bi Hamda. Alipomaliza alisema Mama hatakula tena mkate wake, na hilo Mwalimu hana njia ya kulirekebisha. Akashuka ngazi.

Nakuandikia saa tisa na nusu. Ulisema kweli kuhusu vioo vyako. Chumba kimejaa mwanga, naona mpaka nyuzi za shuka, na nikiweka mkono juu yake hapana moto.

Barua ya posa nimeitia ndani ya bahasha hii. Haijajibiwa mpaka leo. Mkadam hakuniuliza habari zake, nami sikumwahidi lolote. Jibu ni lako. Kuhusu mimi, usijilazimishe kunisamehe kwa kuwa nakufa.

Wape watoto salamu zangu. Yusra anakusalimu sana. Tangu ajue, haniiti tena baba, lakini uji hajaacha kuniletea.

Ni mimi kaka yako,
Turki