Ukuta wa Maroa

Ntimaru, 12 Februari 2024

Kwa Tata mpendwa,

Magoti yanasemaje huko Macalder? Na kaka Tony na watoto? Sisi huku tu wazima, ila mvua imetusahau. Najua masikio yako na simu hayapatani, ndiyo maana naandika.

Kamati imenipa kazi ya kulitengeneza holi letu la mikutano. Ndiyo, mimi, mwanamke mwenye mwiko. Mwenyekiti, mzee Mochama, alinitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi, lakini cheti changu cha ujenzi kilimnyamazisha.

Shida ni ukuta wa mashariki, ule aliousimamia marehemu Maroa. Umeenda upande karibu futi moja na mabati mapya hayakai. Unajua wanavyosema hapa: shati likikatwa vibaya, "ukuta wa Maroa", mtoto akichora mstari ukapinda, "ukuta wa Maroa". Kamati inataka niubomoe. Mkutano wa kuamua ni tarehe tisa Machi. Wewe ulikuwepo likijengwa mwaka 1968. Mlipima vipi?

Mwanao,
Robi

Macalder, 20 Februari 2024

Mwanangu Robi,

Magoti ni yale yale, chakula nakula. Tony anakusalimu, anashinda mgodini na kurudi na vumbi jingi kuliko dhahabu.

Kwamba holi limewekwa mikononi mwako, nimemwambia kila mtu hapa, hata wasioniuliza. Holi lile hakutujengea mtu. Ilikuwa risaga, kazi yetu ya pamoja: kila boma lilileta mawe kutoka mtoni, wasichana walibeba maji, na hakuna aliyelipwa ila kwa pombe ya busaa. Siku bati la mwisho lilipopanda, mama yako, Mungu amrehemu, alicheza mpaka akapoteza kiatu.

Kuhusu ukuta, ni wa zamani. Bomoa tu.

Tata yako,
Nyamhanga

Ntimaru, 28 Februari 2024

Kwa Tata,

Pokea salamu zangu na za majirani wote. Mimi mzima, ni mgongo tu unaolalamika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Wewe uliyenikataza kutupa hata jembe lisilo na mpini, leo unaniambia "bomoa tu"? Nimepima kwa uzi na timazi. Ukuta wa Maroa umesimama wima, jiwe juu ya jiwe, na una nguvu kuliko zile kuta nyingine tatu. Kilichokosewa ni kigingi cha kona, kile cha kufungia uzi wa kupimia msingi. Kiliwekwa pasipo pake kabla ya jiwe la kwanza kulazwa. Nani alikipigilia?

Helen, binti ya Maroa, hutuletea uji kila saa nne. Huweka birika upande wa magharibi, kisha huondoka bila kuutazama ule ukuta. Jana vibarua walipoanza mzaha wao, aliniambia, "Robi, ubomoe haraka nipumzike." Mabati naweza kuyakata yafuate ukuta, lakini hapa hakuna anayetaka kuiwekea aibu paa jipya.

Mwanao,
Robi

Macalder, 5 Machi 2024

Robi mwanangu,

Leo salamu ni fupi, nisamehe. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ya kuanza msingi niliachiwa vigingi na uzi nivilinde, na tena nilikuwa na ndama wa baba. Nikamfunga ndama kwenye kigingi cha kona, nikaenda kuwatazama wasichana wa maji, mama yako akiwemo. Niliporudi, kigingi kimeng'oka. Nikakirudisha pale nilipodhani.

Ukuta ulipofika kiunoni ndipo Maroa alipogundua. Akanitazama, akatazama mavi ya ndama pale kona, akaelewa. Kwenye risaga kosa hubebwa na msimamizi, mfanyakazi haaibishwi mbele ya wenzake. Akasema, "Nimepima vibaya mimi. Tuendelee." Hakunitaja mpaka anazikwa, nami nikamwacha aubebe mzigo wangu. Naona aibu, mwanangu.

Isome barua hii mbele ya mkutano. Yote, na ndama pia.

Tata yako,
Nyamhanga

Ntimaru, 14 Aprili 2024

Tata wangu,

Hujambo? Unakula vizuri? Nimekawia kwa sababu nilitaka kukuandikia kazi ikiwa imekwisha. Holi lina paa.

Niliisoma barua nikiwa nimesimama juu ya benchi. Nilipofika kwa ndama walicheka. Nilipofika kwa Maroa, mzee Mochama akavua kofia. Helen akasema, "Baba alijua kupima. Mimi nilijua tu," akaketi, akalia. Hakuna aliyenyoosha mkono kutaka ukuta ubomolewe. Nimekata mabati moja moja, na sasa vibarua wakipendezwa na kazi ya mtu husema imekaa kama ukuta wa Maroa. Najivunia yeye, na wewe pia, usibishe.

Tunafungua Jumamosi, tarehe ishirini na saba. Helen amepigilia kigingi kipya kwenye kona ile. Anasema ndama anaye, na sherehe haitaanza mpaka uje umfunge.

Mwanao,
Robi

Macalder, 19 Aprili 2024

Robi,

Mimi mzima. Magoti yanauma, lakini tunakuja nayo. Tony ameshaulizia gari.

Mwambie Helen nitafika Ijumaa, nipite kwake kwanza. Nina maneno ya kumwambia ambayo hayasomwi mkutanoni. Na huyo ndama sitamfunga popote, kamba nitaishika mwenyewe mpaka sherehe iishe. Safari hii siendi kumtazama mtu.

Tata yako,
Nyamhanga