Vita ya Haraka Juu ya Meza ya Mikate

Kisangani, commune ya Tshopo, tarehe 9 mwezi wa pili 1989

Kwa binti yangu Angélique, kule Bafwasende,

Jambo sana, mwanangu. Mimi mama yako ningali muzima, magoti tu ndiyo inagombana na mvua. Natumaini wewe na mume wako Lambert muko na nguvu, na ile kikohozi ya mutoto mudogo imeisha. Kama haijaisha, ni wewe unamufunika vibaya. Nilikuambia.

Barua yako nimeipata. Uliandika na hasira mupaka kalamu ilitoboa karatasi. Unataka kujua ni nani aliuza mutoto wako Timothée kwa watu ya usalama, na tena unasema mumekwisha kujua: ni Asumani, rafiki yake, yule anayefanya kazi katika camion ya mizigo. Unasema wadogo ya Lambert watamungojea pale camion inaposimama, na michi ya kutwangia pondu mukononi. Bon. Mimi nilisoma darasa ine tu, lakini najua jambo inaanzia wapi. Kaa chini, usome yote.

Mwaka jana, Mubelge moja aliyemufundisha Timothée kule université alikuwa anarudi kwao. Alikuwa na boksi mbili za michezo ya vita, vita ya watu ya nyota, mwaka elfu tatu, na askari ya chuma wadogo kama kidole. Alimuambia achague moja. Mutoto wako, mwanaume wa miaka makumi mbili na mbili, ndevu iko, anabeba zote mbili analeta kwangu, pamoja na Asumani, ananiuliza mimi mama ya mama yake: Koko, nichague gani?

Ya kwanza ilikuwa kubwa, kitabu yake nene kama Biblia, na uwanja ya karatasi ngumu, nyota zimechorwa juu yake. Asumani alisema vita moja ya ile inaweza kula siku tatu. Ya pili ilikuwa na askari kumi na mbili kila upande, basi. Wewe unasogeza mumoja, mwenzako anamupiga palepale, hakuna kukaa unashika kidevu. Walijaribu mbele yangu. Mimi nilikuwa nakanda unga ya mikate, na kabla unga haijapanda, upande moja wote walikuwa wamekufa. Nikasema: hii. Katika nyumba hii meza iko moja, na ni meza ya mikate yangu. Donc ni mimi nilichagua. Iweke ile katika kichwa.

Lakini ile ndogo haikukuja na uwanja. Mahali pa kupigania unatengeneza wewe mwenyewe. Na wale wajinga wawili, dunia yote na mbingu yote iko mbele yao, walitengeneza nini? Barrage yetu ya Tshopo, ule ukuta ya muto unaotupa umeme! Na carton ya sabuni, chokaa na makaa. Milango ya mashini iko, daraja iko, hata kibanda ya mulinzi iko. Kila alasiri watu ya nyota wanakuja kukamata barrage, na jirani wamejaa mulangoni wanapiga makofi.

Kulikuwa askari moja munene, hatembei mbio, hapigi, kazi yake ni kupiga kelele ili wengine wasikimbie. Timothée akamupa jina: Générale Koko. Asumani akasema ni haki, hata adui wanaogopa kinywa yake. Siku ya kwanza mimi pia nilicheka. Siku ya pili, pale soko, Mama Adèle anayeuza mafuta alisimama wima, akaweka mukono kwa kichwa kama askari, akaniuliza: Mon général, leo kikosi ya mikate iko wangapi? Soko nzima ikaanguka na kicheko. Nilirudi nyumbani nikamuambia Timothée atoe lile jina. Akanibusu kwa kipaji ya uso, akasema, Koko, sasa uko mutu mukubwa. Angélique, nimezaa tisa, nimezika tatu. Mimi si kichekesho ya wauza mafuta.

Siku tano zilipopita kisha pale, saa tisa ya muchana, jeep ikasimama. Walikuwa wane. Mukubwa yao aliangalia meza, akauliza mupango hii ni ya nani. Timothée akamueleza kwa heshima kwamba ni muchezo, citoyen, mwaka elfu tatu, watu ya nyota. Yule akauliza: kama ni ya nyota, kwa nini barrage ni ya hapa? Mutoto akasema ni kwa sababu ile tu ndiyo tunaijua vizuri. Yule akacheka kidogo. Akauliza, mara ya mwisho walipocheza, ni upande gani ulishinda. Na wewe unajua ulivyomuzaa, hajui kudanganya. Akasema walishinda wale wanaoshambulia, na haikuchukua hata dakika kumi.

Wakamubeba, na askari ya chuma katika mufuko. Asumani ile siku alikuwa njiani na camion, hawakumukuta. Ndiyo maana watu wote wakasema ni yeye, na mimi niliacha waseme. Juma tano! Timothée alirudi na vidole tatu ya mukono ya kuume vimevunjika, vimejiunga vyenyewe vibaya kama mizizi. Kalamu hashiki tena. Nampa chakula mimi, na kijiko. Asumani anakuja kila safari, analeta makemba, zile ndizi ya kupika, anamukanda vidole na mafuta ya moto. Anajua jirani wanamutemea mate nyuma. Anakuja tu.

Sasa sikiliza. Ni mimi. Nilifunga kitambaa yangu ya misa, nikaenda kwa chef ya avenue, mukubwa ya mutaa yetu, nikamuambia katika nyumba yangu vijana wana mupango ya barrage, wanahesabu nani ataingia mulango gani. Sikusema neno muchezo. Nilijua atakuja mutu na fimbo. Nilitaka achapwe, nasema kweli, achapwe mbele ya wale waliocheka. Jeep sikuiita, lakini mulango nilifungua mimi.

Usinililie katika karatasi. Na Timothée usimuambie. Ukimuambia, nitasema unadanganya, na yeye ataniamini mimi, kwa sababu ni mukono yangu inamulisha.

Barua hii anaileta Asumani mwenyewe. Isome yeye angali juu ya camion, kabla hajashuka, uwaambie wadogo ya Lambert waweke michi chini, umupe chakula ya moto, asilale njaa kwako. Amesema ataiweka ndani ya shati, karibu na kifua. Aliniuliza kama ni habari njema, ili aikimbize. Nikamujibu: kwako, ndiyo.

Salamu kwa Lambert, kwa watoto, kwa Mama Émilie na nyumba yake. Mungu awafunike.

Mimi mama yako,
Berthe