Mama Adventina, Aliyemsikiliza Ng'ombe Akicheua

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka ukiwa nyumbani kwako Butiama, na miaka themanini na nne mgongoni. Tukiri mapema: siku ile ulipokimbizwa hospitali bila ugonjwa, mjinga alikuwa mwanao Hezron. Ameturuhusu tuandike, maana anasema akificha yeye, dada yake Agness atatangaza Bunda nzima.

Ulimwagilia mchicha wako mpaka wiki ya mwisho. Ulimtania kila mtu, padri naye hakupona. Na kila asubuhi, ukishakamua, ulikaa kwenye kigoda zizini, macho umefumba, ukimsikiliza ng'ombe wako Madoa akicheua. Hukumjibu mtu mpaka umalize. Majirani walilijua hilo, wakawa wanapita kimya.

Hezron, baada ya miaka ishirini ya kuuza mabati Musoma, alishasahau. Miaka minne iliyopita alifika bila taarifa.

"Shikamoo, Mama!"

Kimya. Akarudia kwa sauti ya mnadani. Ukanyanyua kidole kimoja tu. Basi! Akapiga yowe kwamba mama amepooza, akakubeba mzobemzobe hadi garini, ndala moja ikabaki zizini.

Jirani yako Rhobi alimkimbilia. "We Hezron, huyo anakaaga hivyo kila siku!"

Hakusikia. Njia nzima alikuwa akipanga kwa sauti: Madoa auzwe, nyumba ifungwe, wewe uhamie kwake mjini ukae kwenye kochi.

Hospitalini Musoma daktari alikuuliza kama unajua uko wapi.

"Niko mikononi mwa huyu," ukamwonyesha Hezron. "Nisaidie."

Akauliza ulikuwa ukifanya nini zizini.

"Natulia, mwanangu. Mawazo yakinitoroka, nayarudisha kwa ng'ombe. Yakitoroka tena, nayarudisha tena, kama ndama. Sina haja ya kuyachapa."

Presha yako ilikuwa nzuri. Hezron, kwa utani, naye akanyoosha mkono apimwe. Daktari akapima mara mbili, akamwambia aketi chini, tena asiinuke haraka.

Ulirudi Butiama jioni ileile, ukaishi miaka mitatu zaidi, kama ulivyotaka mwenyewe. Hezron siku hizi hukaa kimya kidogo kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Ng'ombe hana, anasikiliza mvua ikigonga mabati, na isiponyesha anasikiliza pumzi yake.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii Butiama. Tunaokukumbuka ni wanao, Hezron wa Musoma na Agness wa Kabasa, wajukuu zako Clever na Yunis, na Rhobi, ambaye sasa ndiye anayemkamua Madoa. Hutatoka mioyoni mwetu maadamu tunapumua. Wala hatutasahau ulivyoumaliza ubishi pale hospitalini, Hezron akiwa bado na mpira wa kipimo mkononi, akikubembeleza:

"Lakini Mama, si uhamie tu kwangu mjini, upumzike?"

"Hiyo presha umeipatia hukohuko mjini, halafu unataka na mimi niifuate?"