Sukuma Wiki Imerudi Mezani

Mdogo wangu Ozella,

Hamjambo huko Detroit? Goti lako linaendeleaje? Huku Georgia tunamshukuru Bwana, sukuma wiki imejaa bustanini.

Shemeji yako Thaddeus bado anameza vidonge vya kuzuia damu isigande, tangu lile donge la mguuni. Akina mama wa kanisa tulisikia mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa, tukamnyima kabisa. Jumapili iliyopita, katikati ya wimbo, damu ikaanza kumtoka puani, haikatiki. Ozella, niliomba huku taulo limelowa mkononi.

Hospitalini waliisimamisha dawa kwanza, mpaka damu ikakaa sawa. Muuguzi akauliza, "Mama, nani alimkataza mboga? Dozi ilipangwa akiwa anakula mboga; bila mboga, dawa imezidi nguvu! Ale, ila kiasi kilekile kila wiki, na damu ipimwe."

Thaddeus akadakia, "Umesikia? Mmenitesa bure, wewe na kanisa lako!"

Leo kamaliza bakuli lake la sukuma wiki na mkate wa mahindi, akanyoosha mkono aongezewe.

"Bakuli ni moja, mzee," nikamwambia. "Nataka uwe nami Jumapili nyingi bado."

Alicheka mpaka akasahau kushukuru chakula. Nikashukuru mimi, kwa yote.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Lavinia