Kanga Iliyochapwa Japani

Mayfair, Johannesburg
3 Aprili 2016

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeanza kuuma vidole. Miguu yako je?

Kanga yako niliyokuomba, yule msafiri uliyemkabidhi, Duni, ameifikisha salama. Bi Hélène, yule msanii Mbelgiji ninayemshonea, aliposoma pindoni kwamba ilichapwa Japani, alikaa, akainuka, akakaa tena. Aliishi huko miaka sita, na tangu hapo kazi yake ni Japani tupu. Huning'iniza nguo kuukuu zenye viraka, akazimulikia sinema na kuzitilia sauti ya mvua.

Lakini nimekosa, mama. Niliona imechanika nikaiziba kifundi, jicho lisione. Nilingoja sifa, yeye akauliza mchaniko umekwenda wapi. Kule alifundishwa kwamba mchaniko haufichwi. Unashonwa kwa uzi mweupe, uonekane. Anaomba nifumue nishone upya. Unaruhusu?

Mwanao,
Khatibu

Tanga
29 Aprili 2016

Mwanangu Khatibu,

Marahaba. Miguu asubuhi inagoma, jioni inasamehe.

Mzungu kwenda Japani miaka sita kujifunza kiraka! Bibi yako angemfundisha siku moja, na chakula juu.

Kanga hiyo baba yako aliniletea tukiwa wachumba. Wiki nzima nilitembea nikinukia duka, najiona malkia wa Ngamiani.

Ilivyochanika hukuuliza. Ilinasa kwenye msumari wa mlango siku ulipoondoka, nikikimbilia kukuona mara ya mwisho. Baba yako akaniambia nishone. Nikamjibu Khatibu ndiye fundi, atashona akirudi. Akafa, na hukuja kumzika. Nilikasirika, na hasira bado ninayo.

Sasa umeziba bila kujua unaziba nini. Fumua. Tia uzi mweupe.

Mama yako

Mayfair, Johannesburg
17 Julai 2016

Mama,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya. Barua yako nilikaa nayo Ramadhani nzima.

Nilifumua. Pacifique, Mkongo tunayeshona naye, akasema, "Eish, fundi, unalilia kitambaa?" Nikatunga uzi mweupe sindanoni.

Baba alipofariki sikuwa na makaratasi, ningetoka, nisingerudi. Huo ndio ukweli wa wakati ule. Makaratasi nimeyapata mwaka jana, na bado sikuja. Hiyo ni aibu tu, mama. Sikujua nitaingiaje pale nyumbani.

Bi Hélène nilimsimulia habari ya msumari. Kanga ikatundikwa kwenye ukumbi wa maonyesho, na sinema ya mlango mtupu ikamulikwa juu yake. Watu walisimama mbele ya mshono wangu kuutazama. Sasa makumbusho ya Ubelgiji yanaitaka ikae huko moja kwa moja. Nimesema hapana, mpaka mama aseme.

Mwanao,
Khatibu

Tanga
9 Agosti 2016

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie Bi Hélène aichukue. Kanga ninazo, zimejaa sandukuni.

Miaka tisa nimekuwa nikilitazama lile tundu badala yako. Nimechoka kutazama kitambaa.

Usitafute zawadi, wala usingoje Ramadhani nyingine. Njoo mikono mitupu. Kaburini kwa baba yako nitakupeleka mwenyewe.

Mama yako