Mpira Ambao Hukuuacha

Baba Kulwa,

Barua yako kutoka machimbo ya Geita imefika. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kucheka. Unataka kurudi Shinyanga, kwenye nyumba ya ukumbi, eti tuanze upya. Kabla sijakujibu, nikukumbushe ulivyoikosa nyumba hiyo, maana najua huko unawasimulia wenzako mengine.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha pamba, sisi na mapacha wetu, Kulwa na Doto, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Mimi nilifagia ukumbi wa biliadi wa kiwanda. Meneja akatafuta msimamizi wa ukumbi, na kazi ilikuja na nyumba ya vyumba viwili. Mkabaki wawili, wewe na Mzee Hamisi, fundi wa mashine. Meneja akasema mcheze hadi pointi mia, atakayeshinda apewe. Jumapili ile ya mchezo nilisali rozari nzima kwa ajili yako, mjinga mimi.

Mchezo nilikuwa nimeusoma kwa macho, ufagio mkononi. Kila mpira unaoingia shimoni ni pointi moja. Ikiingia kumi na minne, unabaki mmoja. Ile mingine inapangwa tena kwenye pembetatu, nawe unaendelea. Kwa hiyo mwenye akili anachagua mapema atakaoubakiza: ulio kando kidogo ya pembetatu, ili akiutumbukiza, ule mweupe wa kupigia ukagonge rundo la iliyopangwa na kulitawanya. Mingine anaiondoa taratibu, wa karibu kisha wa karibu yake, bila kuuzungusha mweupe meza nzima. Hapigiwi makofi na mtu.

Wewe ulicheza kama uko ngomani. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, mshindi wa ngoma ni aliyevuta watu wengi, ukadhani na meza inahesabu watazamaji. Ulikuwa na themanini na moja, Hamisi sabini. Ilipobaki mipira miwili mezani, nikakuletea maji na kukunong'oneza: "Huo mwekundu wa kando uache. Piga ule wa kona."

Ukajibu ukumbi mzima usikie, ukiniita mama kwa Kisukuma: "Fagia, mayu. Fimbo tuachie madume."

Wakaangua kicheko. Ukaupiga mwekundu huku fimbo umeipitisha nyuma ya kiuno, ukaingia. "Wabeja, Baba Kulwa!" wakapiga kelele za kukupongeza, nawe ukainama kama bwana harusi.

Mingine ikapangwa tena, ukabaki ule wa kona, mbali na rundo, haufai kuvunjia kitu. Ukalipiga rundo kwa nguvu zako zote. Likatawanyika, haukuingia hata mpira mmoja. Ukawa umemtandikia mwenzako kitanda. Hamisi akavaa miwani, akaondoa mipira yake, akabakiza wa kando, akavunja. Akabakiza tena, akavunja tena, akamaliza. Hakuna aliyeshangilia.

Kushindwa ningekusamehe. Nilikupenda, Baba Kulwa, nalisema bila haya. Lakini wiki ile ile ulikimbilia dhahabu bila kuwaaga wanao, ukaniachia kile chumba kinachovuja.

Hamisi alikuwa amesikia nilichokunong'oneza. Kesho yake akaniita: "Mama Kulwa, nani kakufundisha?" Nikamwambia nimejifunza nikifagia. Akanipa fimbo. Alipostaafu, akamtajia meneja jina langu, si la dume lolote. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye kazi hiyo.

Nasikia hata dhahabu huipati. Wenzako wanafuata mwamba polepole, wewe unahama shimo kila ukisikia vigelegele. Sishangai.

Juzi nilimsomea Doto barua yako. Akaniuliza, "Baba yupi?"

Nyumba hii ina vyumba viwili. Kimoja wanalala wanao, kingine nalala mimi. Ukitaka kuwaona watoto, njoo mchana, bisha hodi mlango wa ukumbi, waambie unamtafuta msimamizi. Nitatoka mwenyewe.

Mama wa watoto wako,
msimamizi wa ukumbi.