Sauti ya Yohana kwenye Kopo

Jumatatu, 7 Julai

Fildi, mafunzo ya kazi ya chuo, wiki ya pili. Kutwa nimekata na kubana waya za mtandao, vidole vinauma. Nimerudi na baiskeli, nimeoga, nimekaa uani na kopo langu.

Ni kopo la maziwa ya unga. Ndani kuna bodi ya kompyuta, saa ndogo, betri ya laptop iliyochoka, na spika niliyoing'oa kwenye redio ya marehemu Babu. Kazi yake ni kumwambia Bibi saa na kumkumbusha dawa zake za sukari. Macho ya Bibi yamebakiza mwanga na kivuli tu. Mama anashinda sokoni na vitenge vyake, mimi nashinda fildi. Bibi anashinda na ukuta.

Leo nimehangaika na kutoa sita. Bodi inahesabu kuanzia usiku wa manane, Bibi anahesabu kuanzia asubuhi. Nisipotoa sita, saa moja ya Bibi itakuwa saa saba. Imekubali. Vitufe ni viwili. Kikubwa anabonyeza akishakunywa dawa. Kidogo ni cha kuuliza: saa ngapi sasa, na dawa nimekunywa au bado.

Imebaki sauti. Hapo ndipo ninapopaogopa.

Jumatano, 9 Julai

Nimejaribu kujirekodi. "Saa tatu" imetoka "s-s-s". Kigugumizi changu hakibagui mtu na simu. Nimerudia mpaka machozi yakanitoka, nikaona upuuzi, nikaacha.

Nimemwomba Yohana. Tunasoma darasa moja, uhandisi wa kompyuta, mwaka wa tatu. Kwao Lushoto. Hakuwa na pa kufikia hapa Tanga kwa ajili ya fildi, Mama akasema chumbani kwangu kuna kitanda cha pili, aje. Kwao anaimba kwaya kanisani. Ana sauti ya mtangazaji.

Alijifunika blanketi kichwani ili kuzuia mwangwi, akasoma kila kitu mara moja bila kukwama. Akaongeza na la kwake: kila asubuhi kopo lianze na "Shikamoo Bibi". Nikasema wazo zuri. Lilikuwa zuri kweli.

Jumamosi, 12 Julai

Kopo linafanya kazi.

Saa moja kamili likasema, "Shikamoo Bibi. Ni saa moja asubuhi. Dawa ya asubuhi." Bibi akakaa kitandani, akajitengeneza mtandio, akajibu, "Marahaba, baba." Mama alicheka mpaka akashika mlango. Bibi akabonyeza kitufe kidogo siku nzima kama mtoto aliyepewa kengele. Nilikuwa na furaha. Sijawahi kutengeneza kitu kikatumiwa na mtu. Vyote vya chuoni viliishia kwenye droo.

Jioni Bibi akauliza ni nani anayesema mle ndani. Nikamwambia Yohana, ambaye mpaka leo alikuwa akimsalimia toka mlangoni tu.

"Mwite nimshike mkono," akasema.

Jumanne, 15 Julai

Tangu nijue kusimama Bibi ananiita mume wangu. Bibi wote wa mtaa wetu wa Ngamiani wanawaita hivyo wajukuu wao wa kiume, najua. Lakini kwetu mjukuu wa kiume ni mmoja. Leo Yohana amempelekea chai, Bibi akasema, "Mume wangu mdogo huyo."

Wote tukacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo.

Ijumaa, 18 Julai

Majirani wanaingia kuangalia. Hakuna anayeliita kopo. Wanaliita Yohana. "Hebu mbonyeze Yohana tujue saa." Leo nimemtangulia Yohana kurudi, nikamsikia Mama Zainabu wa nyumba ya pili akiuliza kama Yohana anaweza kumtengenezea na yeye. Mama kajibu, "Mngoje arudi kutoka kazini." Hakusema ni mimi, Shabani, niliyetengeneza. Labda alisahau. Labda hakuona haja.

Chakula cha usiku, kichwa cha samaki. Kichwa ni changu tangu utotoni. Bibi kapapasa sahani, kakishika, kauliza Yohana kakaa upande gani. Kampa.

Yohana akataka kunigawia. Nikasema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba.

Najiandikia hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu: nina wivu. Nina wivu na mtu asiyenikosea kitu. Anafua nguo zake na zangu. Hiyo nayo inaniudhi.

Jumatatu, 21 Julai

Mwalimu msimamizi katoka chuoni kutukagua. Aliomba kuona mradi. Nilikuwa nimelibeba kopo kwenye begi, nimefuta vumbi, nimejiandaa tangu jana. Akaniuliza nieleze.

"H-h-hiki k-ki..." Ikagoma. Mwalimu akatazama saa yake mkononi. Yohana akaingia, akaeleza bodi, saa, kutoa sita, vitufe, kila kitu, kwa utaratibu, kama habari ya redio. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akabonyeza kitufe, kopo likaongea kwa sauti ileile iliyokuwa inamweleza. Akacheka kwa kufurahi.

"Kazi nzuri, Yohana."

"Ni ya Shabani, Mwalimu. Mimi nimesoma tu."

"Mmesaidiana. Vizuri sana."

Akaandika. Sijui aliandika jina gani. Tumerudi na baiskeli. Yohana aliomba radhi njiani. Angekuwa mbaya ningepumua.

Jumatano, 23 Julai

Nimedanganya kazini kwamba naumwa tumbo. Nimerudi mapema, Yohana bado yuko huko.

Nimejirekodi upya. Safari hii sikungoja neno litoke zima. Nimerekodi vipande vingi, kisha kwenye kompyuta nimekata kila panapokwama na kuunga panapopita. S-s-saa ikawa saa. D-d-dawa ikawa dawa. Nimesikiliza mwenyewe kwa spika za masikioni. Kijana anaongea, laini, hana shida yoyote duniani. Nikasikiliza tena na tena.

Nimefuta sauti zote za Yohana kwenye kopo. Nimeweka zangu. Nilisikiliza tano, sita za mwanzo, zikawa sawa. Mlango wa mbele ukafunguka, Mama anarudi, nikafunga mfuniko na kulizima kopo mpaka Bibi alipolala.

Kesho Bibi ataamka na mimi.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi la nje.

Asubuhi Mama aliondoka mapema kupokea mzigo wake, Yohana alikuwa bafuni. Nikasimama mlangoni kwa Bibi kabla ya saa moja. Kopo likasema, "Shikamoo Bibi. Ni saa moja asubuhi." Sauti yangu.

Bibi hakuitikia. Akageuza uso huku na huku.

"Nani huyu mgeni?" akasema.

Sikumwambia. Ningesema nini? Aliyenilea hakunijua. Nilimwona akinywa dawa na kubonyeza kitufe kikubwa, nikachukua baiskeli nikaondoka. Sikumpelekea hata chai.

Saa saba mchana Mama akapiga simu. Amerudi kufuata khanga alizosahau, kamkuta Bibi sakafuni, jasho linamtoka, anatetemeka, hajui yuko wapi. Jirani kamkorogea maji ya sukari. Bajaji, hospitali, dripu. Daktari kasema sukari imeshuka mno, kauliza amekunywa dawa mara ngapi. Mama kahesabu vidonge vilivyobaki. Vimepungua sana.

Bibi alipopata fahamu kidogo alisema, "Mgeni kanena bado sijanywa." Mama akadhani anaweweseka. Mimi nilijua.

Ijumaa, 25 Julai

Kosa nimeliona. Bodi haijui maneno, inaita sauti kwa namba. Nilipopanga zangu nilipishanisha namba mbili. Mahali pa "umeshakunywa" niliweka "bado hujanywa". Kila Bibi alipouliza, kopo lilimwambia anywe. Na Bibi huuliza mara nyingi. Kwa tumbo tupu.

Ningesikiliza zote ningeliona. Sikusikiliza kwa sababu nilikuwa najificha kama mwizi.

Mama katoka hospitali kubadilisha nguo. Kalichukua kopo, kalitupa juu ya kabati. "Kidude cha Yohana kidogo kiniulie mama yangu," akasema. Yohana alikuwa amesimama palepale. Akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Mama. Labda nilisoma vibaya."

Hakusoma vibaya. Sauti yake haimo mle tangu juzi. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango. Wiki nzima nimekasirika kwamba kopo linaitwa Yohana, na leo, lilipoitwa Yohana, nikanyamaza. Ilikuwa rahisi. Mtu mwenye kigugumizi akinyamaza hakuna anayeshangaa.

Yohana ameanza kukunja nguo zake.

Jumapili, 27 Julai

Bibi yuko nyumbani. Kachoka, lakini ni yeye. Kaomba uji, kaulalamikia uji.

Nilipanga kusema jana, nikashindwa. Leo Yohana alipotoka kanisani alikuja na begi tayari kuaga. Mama kajibu kwa neno moja. Nikashusha kopo toka juu ya kabati, nikaliweka sakafuni katikati yao, karibu na kitanda cha Bibi, nikaanza.

Ilichukua muda mrefu. Neno "mimi" peke yake liligoma kabisa, nikalirudia, likagoma tena. Yohana alitaka kunisaidia kama kawaida yake, nikamwinulia mkono. Nikasema. Ni mimi niliyetengeneza, ni mimi niliyefuta sauti ya Yohana, ni mimi niliyekosea namba. Jana na juzi nilinyamaza. Mama akaniuliza kwa nini. Nikasema wivu. Hilo lilitoka bila kukwama hata kidogo.

Mama hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akasema, "Wivu wa nini, Shabani? Wa kopo?" Akatoka kwenda uani. Nilimsikia akiosha sufuria iliyokwisha oshwa.

Bibi ndiye aliyebaki na jambo.

"Yule mgeni ni wewe?"

"N-ni mimi, Bibi."

"Si wewe. Wewe huneni vile."

"Nilikata kigugumizi."

Akatafuta mkono wangu, akaukosa, akaupata.

"Umekata, ndiyo maana sikukujua. Nikasema kuna kijana kaingia humu ndani ananiamrisha dawa, simjui kwao."

Yohana alichukua begi lake akatoka. Sikumfuata. Nilitaka kumfuata.

Alhamisi, 31 Julai

Yohana amepata chumba kwa watu wa kanisani kwao, Chumbageni. Tunaonana kazini. Leo tulikuwa ngazi moja, yeye juu anavuta waya, mimi chini nashika. Aliniambia neno moja la maana toka Jumapili: "Ungeniambia tu, Shabani. Ningefuta mwenyewe."

Najua. Ndiyo maana sikumwambia. Nisingeweza kubeba na hiyo.

Nimempigia simu mwalimu msimamizi. Nilihesabu atakata kabla sijamaliza. Hakukata. Nimemweleza kopo lilivyomdhuru Bibi na nani alikosea. Kasema niandike yote kwenye ripoti, kosa na marekebisho. Kauliza pia kwa nini siku ile sikumwambia anisubiri. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba hilo ni jambo mtu anaweza kuomba.

Jumamosi, 2 Agosti

Bibi anataka kopo lake. Mama kakataa. Bibi kasema basi na yeye atakataa kula. Wamebishana asubuhi yote, mama na mwanawe, mimi nimejificha jikoni. Bibi kashinda.

Masharti ni ya Mama. Dawa kopo lisiguse tena. Liseme saa tu. Dawa nampa mimi, kwa mkono wangu, asubuhi kabla ya fildi na jioni nikirudi. Nimekubali.

Nikamuuliza Bibi anataka sauti ipi. Nilijua ninachotaka aseme.

"Ya Yohana," akasema. "Hiyo naisikia vizuri."

Imeniuma. Nimeirudisha. Sauti za Yohana nilikuwa nazo bado kwenye kompyuta. Mama alikaa kwenye kigoda nikazipiga zote, moja baada ya nyingine, yeye akisikiliza na kuitikia kwa kichwa kwa kila iliyo sawa. Ilichosha. Ndivyo nilivyotakiwa kufanya ile Jumatano.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi nampa Bibi dawa. Nakaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha maji. Namwambia ni saa ngapi hata kama kopo limeshasema. Leo "moja" iligoma. Bibi alishika kidonge kiganjani, akangoja. Hakunimalizia neno. Nilipomaliza ndipo akakitia mdomoni. Kisha akanisimulia jinsi kwao Tongoni walivyokuwa wanakamata kaa kwa mwenge, habari ndefu, nikachelewa kazini.

Nilikuwa sijaingia chumbani kwake kukaa toka nilipoweka kopo. Nilidhani nimempunguzia upweke.

Jumapili, 10 Agosti

Yohana kaja baada ya kanisa. Sikumwalika mimi, Mama ndiye aliyempigia. Kaleta viazi vya Lushoto, kaviweka jikoni, kaenda kumwamkia Bibi. Wakati anaongea naye kopo nalo likataja saa, Bibi akalijibu kopo badala ya mtu. Wamecheka sana. Niliwasikia nikiwa uani nachambua mchele, sinia mapajani.

Bibi kamwita mume wangu mdogo. Imechoma bado. Si kama mwanzo.

Baadaye Yohana akatoka, akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. Akalisogeza sinia katikati yetu, akaanza kutoa mawe upande wake.